Kidole Nilichomwazima Mume Wangu

Bwana asifiwe. Haya, nimewasikia. Mama mwenyekiti, asante kwa nafasi, lakini naomba niongee nikiwa nimekaa. Wiki nzima nimeshika usukani tangu alfajiri nikibeba watoto wa watu, na leo miguu imeniambia kaa, nikakaa. Mungu husikia hata waliokaa.

Najua hamkuja kwa ajili yangu. Mmekuja kwa sababu chama chetu kinataka kuingia bima ya matibabu ya pamoja, na yule kijana wa bima atakuja na kile kimashine chake kuchukua alama za vidole vyetu. Mwenyekiti akanipigia simu akasema, "Mama, hebu waambie yaliyokupata kabla hawajaweka vidole." Basi nitawaambia. Sitataja jina la mtu, wala la kituo, wala la shule. Anayejua anajua, na tafadhali anyamaze nalo.

Ndugu zangu, mimi sijawahi kuonja pombe. Hata meza ya Bwana hapa kwetu tunatumia ile juisi ya zabibu, mnaijua. Lakini kuna kompyuta mahali fulani hapa Nairobi iliyokuwa inajua kwamba mimi ni mlevi, kwamba nililazwa nikitetemeka, na kwamba naendelea vizuri. Wewe hapo nyuma, cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka kidogo.

Wengi wenu mnamjua mume wangu. Ni fundi wa kuchonga, mtu wa Ukambani, ana kibanda Shauri Moyo ambapo wanachonga twiga na vifaru na vigoda vya kuuzwa Ulaya. Tangu nimjue anapiga msasa kwa mkono. Anaanza na ule mgumu, anafuata wa kati, anamaliza na ule laini kabisa, halafu anapitisha kidole kitupu juu ya mti kusikia kama pamebaki mahali pa kukwaruza. Miaka yote hiyo. Mti unalainika na yeye pia analainika. Ukimshika mkono, kiganja ni kigumu, lakini ncha za vidole ni laini kama sabuni iliyotumika. Mimi hilo nililipenda tangu uchumba. Sikujua litakuja kunitoa machozi.

Kaka yake, ambaye walichonga naye katika kibanda kimoja, alifariki. Baada ya mazishi mume wangu akaanza kupitia kwa kegi, kile kilabu cha bia ya pipa, akitoka kazini. Kupitia tu. Nawaambia, hilo neno "kupitia" limemaliza wanaume wengi Eastlands kuliko magari. Leo anapitia, kesho anakaa, keshokutwa wewe ndiye unapitia kumchukua. Yalinichosha. Nikamwambia nitachukua watoto niende kwa mama yangu, na sikuwa namtisha, nilikuwa nimeshakunja nguo.

Sasa yeye, kwa sababu ana kiburi cha watu wa kazi za mikono, akaamua ataacha mwenyewe, nyumbani, kwa siku moja. Akaacha. Siku iliyofuata alikuwa anatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Jasho, macho mekundu, halafu akaanza kuongea na kaka yake akimwomba ampe tezo. Kaka yake tulikuwa tumemzika. Nikaomba ruhusa kazini, nikamvisha koti, nikampeleka kwenye kituo kimoja cha ushauri na matibabu, si mbali na mtaa wa Tena hapa. Bima ya kazi yangu ilikuwa inalipia mke, mume na watoto. Nikaona Mungu ni mwema.

Pale mapokezi kulikuwa na msichana mchangamfu na kimashine cha alama za vidole. Akamwambia mume wangu aweke kidole gumba. Taa nyekundu. Akapanguswa kwa kitambaa, nyekundu. Akapakwa mafuta kidogo, nyekundu. Vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na yule mtu anatetemeka hivyo, nyekundu. Msichana akamwangalia akasema, "Mzee, vidole zako zilienda wapi?"

Mume wangu akajibu, "Ziko Ulaya. Zilienda na twiga."

Lilikuwa neno lake la kwanza la akili siku hiyo, na tulicheka, mimi na yule msichana, kicheko cha watu waliokwama.

Akaniambia kuna njia nyingine kwa watu wasiosomeka. Kituo kinaandikia bima barua, kinatuma picha na nakala ya kitambulisho, bima wanaruhusu. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wakati huo mshauri wa kile kituo akatoka ndani. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa sauti ya chini, sweta la kijani. Akamshika mume wangu mkono, akaangalia macho yake, akasema, "Huyu harudi nyumbani leo. Akiacha pombe ghafla namna hii bila dawa anaweza kutufia." Akarudi ndani kumwita daktari. Yule msichana akaangalia mlango, akaniangalia, akasema polepole, "Mathe, si kadi ni ya kazi yako? Weka chako basi."

Nikaweka. Taa ya kijani. Sote tukashusha pumzi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapo, kwa sababu hilo kosa niliyelifanya ni mimi, lakini nyinyi nyote mngelifanya. Hapa chamani mtu akitaka mkopo, tunamfanyia nini? Tunamdhamini. Mwenzako anachukua, wewe unaweka sahihi kwamba unamjua na hatatoroka. Mimi nimewadhamini wangapi hapa? Wewe, na wewe, na wewe uliyenisumbua. Basi akilini mwangu nilipoweka kidole, nilijua namdhamini mume wangu. Nasema kwa mashine, huyu ni wangu, mtibuni. Haikuniingia kabisa kwamba mashine haijui kudhamini. Mashine inajua jambo moja tu: mwenye kidole ndiye mgonjwa.

Wakamlaza, wakampa dawa, akatulia. Alipotoka, ikawa anakuja kwa ushauri, na mimi nikimaliza kurudisha watoto naegesha basi shuleni, nakuja naweka kidole, yeye anaingia. Kama kawaida. Mlinzi wa pale alikuwa ananiita mama wa kidole.

Na aliponea pale, sitasema uongo. Yule mshauri alimjua. Alimwambia asiache kazi hata siku moja. Akamruhusu aje na kipande cha mti na kisu, achonge huku wakiongea habari za kaka yake. Alikuwa anasema, "Mikono yako ikikaa bure, inaijua njia ya kegi yenyewe." Mume wangu akaanza kurudi nyumbani jua likiwa bado liko. Nikazikunjua zile nguo nilizokuwa nimekunja.

Halafu ikaja ile siku ambayo madereva wote wa shule tunapelekwa kupimwa, kuona kama tunafaa kubeba watoto. Macho sawa, presha sawa. Daktari akafungua kompyuta yenye rekodi za bima yetu, akasoma. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, uliacha lini?"

"Niliacha nini?"

"Pombe."

Nikacheka. Nikamwambia mimi sinywi. Akatikisa kichwa kama anayemhurumia mtoto. Nikamwambia tena, daktari, naapa, sijawahi. Akasema, "Kukana ni sehemu ya ugonjwa, mama. Usione haya. Umefanya vizuri sana kutibiwa." Wakapima damu yangu, ikatoka safi. Hiyo nayo ikawa ushahidi kwamba matibabu yamefanya kazi. Sasa niambieni, mtu anatokea wapi hapo? Kila nilivyozidi kusema si mimi, ndivyo nilivyozidi kuwa mgonjwa.

Daktari hakusaini kwamba nafaa kuendesha. Shule hawakuambiwa ugonjwa gani, lakini shule si wajinga. Dereva amekataliwa na daktari, na damu yake imepimwa. Mwalimu mkuu alinipokonya funguo kwa heshima, nasema hivyo kwa sababu alikuwa na heshima kweli, akaniweka jikoni nimenye viazi mpaka mambo yaeleweke. Kijana mwingine akapewa basi langu. Asubuhi nilikuwa nasikia basi likiingia, nasikia vile anavyokanyaga breki vibaya, na watoto wanashuka wanapita kwenye dirisha la jiko wanauliza, "Auntie, kwa nini uko huku?" Na wazazi kule mtaa wa Fedha, shule iliko, wakaanza lao. Lisemwalo lipo. Yule mama wa basi, mnamwonaga vile, kumbe anakunywa.

Ningesema. Mnajiuliza kwa nini sikusema ukweli wote. Ndugu zangu, ukweli ulikuwa na bei. Nikisema aliyetibiwa ni mume wangu kwa kidole changu, bima watasema tumewaibia na watakata. Wakikata, ushauri wake unakufa katikati, wakati yeye ndio kwanza anasimama kama mtoto anayejishikilia kwenye kiti. Nikinyamaza, mimi namenya viazi na jina langu limeoza. Kazi yangu au mume wangu. Kila siku nilikuwa napima hilo, na kila siku nachagua kunyamaza, na nyumbani nikamwambia kazi iko sawa. Nilikuwa natoka alfajiri vilevile na ufunguo wa zamani wa geti ukilia mfukoni ili asijue.

Usingizi ukaniacha. Chakula kikawa hakina ladha. Nikawa nakaa kwenye gunia la viazi nashika kisu na sijui nilikuwa naenda kufanya nini. Siku moja mpishi mwenzangu alinipokonya kisu akaniambia, "Dada, wewe nenda uone mtu." Nikaona ni kweli. Nikaenda kwenye kile kile kituo, safari hii kwa ajili yangu mwenyewe. Nikaweka kidole.

Taa nyekundu.

Msichana wa mapokezi akaangalia kompyuta akasema, "Mathe, siku zako za ushauri za mwaka huu zimeisha, zile chache zilizobaki zimeshapangwa."

Nikamwambia sijatumia hata moja. Nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka. Nikakaa sakafuni pale pale, na gauni langu zuri. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mpaka kilio kikawa kazi.

Yule mshauri alitoka akanikuta pale. Hakuniinua. Aliketi sakafuni pembeni yangu, na sweta lake la kijani, akauliza kuna nini, nami nikamweleza yote, ya daktari, ya funguo, ya viazi. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipofungua faili nikaona jina lako, nilijua. Lakini alikuwa anatetemeka, na ile barua ingechukua wiki. Nikajiambia nitarekebisha akitulia. Alipotulia nikaona ushauri unamfaa, nikajiambia akimaliza. Kila nilipoandika 'mama huyu anaendelea vizuri', nilikuwa najiona naiba, na nilikuwa simjui ninayemwibia. Sasa nimemjua."

Nilimkasirikia, siwafichi. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa mtu mzuri. Mtu mbaya ungemtukana ukaenda zako. Lakini huyu alimwokoa mume wangu na akanizika mimi kwa kalamu ile ile. Akasema ataandika kwa bima na kwa yule daktari na kusema ukweli. Nikamwuliza itakuwaje kwake. Akasema, "Kazi itaisha. Lakini mwambie mume wako wewe mwenyewe kwanza. Asiisikie mtaani." Hicho ndicho nilichokuwa nimekikimbia muda wote.

Nikaenda Shauri Moyo. Nikamkuta anapiga msasa kigoda. Nikamwambia nikiwa nimesimama, haraka haraka, kabla sijabadilisha nia. Yeye aliendelea kupiga msasa mpaka nilipofika kwenye jiko na viazi, ndipo mkono ukasimama. Akaniangalia. Akasema, "Kwa hivyo umekuwa mlevi kwa niaba yangu."

Akaweka msasa chini, akapangusa mikono, akatoka. Na mimi nilijua anakoenda, kwa sababu kegi iko pale mbele, unausikia muziki. Nikamfuata kwa nyuma kama mke wa mlevi anavyojua kufuata. Akafika kwa kegi. Wenzake wakamwita, "Niaje fundi, umepotea." Akawapungia mkono, akapita. Akashika barabara ya Jogoo. Akatembea. Nikidhani anaenda Makadara, akapita. Nikidhani anarudi nyumbani, akapita pa kukatia. Jua linachoma, viatu vyangu vya jikoni vinanikata, na yeye hageuki. Alitembea mpaka Fedha, mpaka kwenye geti la shule yangu, saa ile wazazi wanachukua watoto.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale getini. Mume wangu akavua kofia. Akasema, si kwa kelele, lakini kila mtu alisikia, "Mwalimu, shikamoo. Mlevi ni mimi. Huyu mama hajawahi hata kunusa. Mashine ilikataa vidole vyangu, akaweka chake. Angalia." Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, mbele ya wale akina mama waliokuwa wananisema. "Shika uone," akamwambia. Mwalimu mkuu akamshika ncha za vidole, akapapasa. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na hapo hapo nilitaka kumkumbatia. Yote mawili.

Sasa msidhani mambo yaliisha pale. Mwalimu mkuu alituambia, na alikuwa na haki, kwamba mume yeyote anaweza kusema hivyo kwa ajili ya mkewe. Ikabidi tungoje barua ya mshauri. Aliiandika kama alivyosema. Bima wakadai pesa zao kutoka kwa kituo, kituo kikamfukuza yule mshauri. Msichana wa mapokezi hakufukuzwa, maana ilisemekana alikuwa anafuata utaratibu, na mimi sijui utaratibu gani. Ushauri wa mume wangu ukakatwa, vile nilivyoogopa. Nami nikaandikishwa maelezo kwa watu wa bima kama mwizi wa kuku, mara mbili, mpaka wakakubali kufuta. Mwishowe daktari alisaini, nikapewa funguo zangu. Kuna wazazi wawili waliohamisha watoto wao kutoka basi langu na hawajawarudisha. Nikipita kwenye mageti yao sipigi honi.

Na ile hofu yangu kubwa, kwamba akikatiwa ushauri atarudi kwa kegi? Yule mama wa sweta la kijani, siku za Jumamosi, akiwa hana kazi, alikuwa anakuja Shauri Moyo anakaa kwenye gogo, mume wangu anachonga, wanaongea. Hakuomba chochote. Amepata kazi kwingine sasa, na kile kigoda kilichokuwa kinapigwa msasa siku ile ndicho anachokalia huko. Mpaka leo nikimfikiria sijui nimwite aliyenikosea au aliyenisaidia, basi namwombea tu, kwa majina yote mawili.

Nashukuru yule mpishi aliyenipokonya kisu. Nashukuru mwalimu mkuu aliyepapasa kabla ya kuhukumu. Nawashukuru nyinyi, mlionichangia unga bila kuniuliza kwa nini nimeshushwa cheo, ingawa najua mlikuwa mnaulizana. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi niliuficha mpaka karibu nife nao.

Ninachowaombeni ni kidogo. Kijana wa bima akija, kabla ya kuweka kidole, mwulize: hapa unaandika nani? Na akikuambia ni jambo dogo la kufungua mlango tu, kaa chini kama mimi nilivyokaa leo, umwambie hauna haraka. Na nyinyi mnaofanya kazi hospitali, nawaona mko wawili, ile barua inayochukua wiki, iandikeni hiyo siku ya kwanza. Mtibuni mtu, na mwandike. Kwa jina lake.

Mwaka ulipogeuka, bima yangu ilifunguka tena, tukatafuta kituo kingine ili amalizie ushauri wake. Mkimwangalia mume wangu mkononi, mtaona kidole cha mwisho cha kushoto amekifunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Watu wanadhani ameumia. Hajaumia. Anakifunga kila akishika msasa, ili kisilainike tena, alama zake zirudi. Anasema tisa ni vya kazi, hicho kimoja ni cha hospitali. Tulipofika mapokezi akafungua ile tyubu, akaweka kidole. Nyekundu. Akakipangusa kwenye suruali. Nyekundu tena. Akakipuliza kidogo, akakiweka taratibu kama anavyopapasa mti.

Kijani. Wakamwita kwa jina lake, akaingia. Mimi nilibaki kwenye benchi, mikono yangu mapajani, na hakuna aliyeiomba.